Kabla ya kulipa kodi ya duka, jua mtaa una watu wangapi

Mteja wetu mmoja, wakala wa pesa kwa simu, alikuwa amejiwekea shilingi 90,000 za kufungua duka la pili. Siku moja alipita kwenye makutano fulani ya barabara akakuta umati: mama mboga wamepanga nyanya hadi barabarani, bodaboda wamejaa, watu wanapishana kwa mabega. Kesho yake akatuma kodi ya miezi mitatu pamoja na dipoziti. Baada ya wiki moja ndipo alipogundua kwamba alikuwa amepita hapo siku ya soko. Zile siku nyingine sita, hapo palikuwa na mbuzi na vumbi. Alifunga baada ya miezi minne, akiba yote ikiwa imeliwa na kodi.

Aliposimulia kisa chake alituuliza swali moja tu: "Sasa mimi ningejuaje?"

Swali hilo tumelisikia kwa wateja wengi, kuanzia kwa muuza gesi hadi kwa mwenye saluni. Jibu ni kwamba angejua, na bila kumlipa mtu yeyote. Hesabu ya watu wa mtaa wako, nyumba zao na maisha yao iko wazi kwa kila Mkenya. Ilifanywa kwa pesa za mlipa ushuru, kwa hivyo ni yako pia. Leo tunakuonyesha pa kuipata na jinsi ya kuisoma.

Anzia kwa sensa

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, Kenya ilihesabu watu 47,564,296 katika kaya 12,143,913. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Matokeo yako kwenye tovuti ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ambayo ni knbs.or.ke. Kuyapakua ni bure. Vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini usiogope, kwa sababu sehemu kubwa ni majedwali ya namba. Andika "2019 Kenya Population and Housing Census" kwenye sehemu ya kutafuta, kisha chagua:

• Volume I: idadi ya watu kwa kaunti na kaunti ndogo.
• Volume II: idadi ya watu na kaya hadi kata ndogo, lile eneo la naibu wa chifu. Kwa mwenye biashara ndogo, hiki ndicho kitabu cha kwanza.
• Volume III: umri na jinsia.
• Volume IV: maisha ya watu, yaani elimu, kazi, aina ya nyumba, taa, moto wa kupikia, simu na intaneti.

Faili hizi ni nzito. Kama bando ni dogo, ingia saiba uzipakue mara moja uziweke kwenye simu. Ukishafungua faili, tumia alama ya kutafuta na uandike jina la kata ndogo yako. Usisome kurasa zote, utachoka bure.

Namba moja haitoshi

Tuchukue mfano wa Nairobi. Kaunti ndogo ya Mathare ilikuwa na watu 206,564. Lang'ata ilikuwa na watu 197,489. Ukiangalia hapo tu, utasema ni karibu sawa.

Sasa angalia msongamano. Mathare ina zaidi ya watu 68,000 kwa kila kilomita mraba. Lang'ata ina chini ya 1,000. Je, wateja wa Lang'ata wametawanyika kiasi hicho? Hapana. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi inahesabiwa ndani ya eneo hilo, na simba hawanunui unga. Watu wenyewe wamekaa kwenye mitaa yao, na ukishuka hadi kata ndogo ndipo utawaona. Ndiyo maana tunasema usisimame kwenye kaunti wala kaunti ndogo. Shuka hadi mwisho.

Mfano mwingine ni Kibra. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakisema Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ilipohesabu, ikapata watu 170,070. Mwaka wa 2019, kaunti ndogo nzima ya Kibra ilikuwa na 185,777. Hao bado ni watu wengi sana, na biashara ipo. Lakini aliyepiga hesabu ya bidhaa kwa watu milioni moja alikuwa anajidanganya kwa pesa zake mwenyewe.

Uliza swali la biashara yako

Kabla ya kufungua faili, jiulize: mteja wangu ni nani?

Ukiuza unga au mafuta ya kupikia, idadi ya kaya ina maana kuliko idadi ya watu, na ukubwa wa kaya unakuambia pakiti gani itatoka. Kwa wastani kaya ya Kenya ina watu 3.9. Nairobi ni 2.9, na Mandera ni 6.9. Pakiti inayotoka haraka kwa mtu wa chumba kimoja Nairobi haitatosha jikoni mwa watu saba.

Ukiuza gesi, tazama jedwali la moto wa kupikia. Mwaka wa 2019, kaya asilimia 55.1 nchini zilipika kwa kuni na asilimia 23.9 kwa gesi. Wastani wa nchi hautakusaidia sana, kwa hivyo tafuta mstari wa kaunti ndogo yako. Ukiuza sare za shule, angalia umri. Ukitaka kuwa wakala wa pesa, angalia nani ana simu: kati ya watu wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu yao wenyewe.

Vyanzo vingine vya bure

Tume ya uchaguzi, IEBC, huchapisha idadi ya wapiga kura waliosajiliwa hadi kituo cha kupigia kura. Hii inakupa picha ya watu wazima katika wadi. Lakini tahadhari: wengi wanaishi mjini na kupiga kura nyumbani mashambani. Tena, wadi si sawa na kata. Mipaka yake ni tofauti, kwa hivyo usizichanganye katika hesabu moja.

Kila kaunti pia ina Mpango wa Maendeleo wa miaka mitano, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Humo utaona barabara, masoko na stendi zilizopangwa. Ukisoma kwamba soko jipya litajengwa, usikimbilie kukodi mlango. Mpango ni karatasi. Nenda uone kama kuna mchanga na kokoto.

Ukikosa namba unayotaka, omba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kudaiwa gharama ya nakala.

Jihadhari na wauza "data"

Ukipigiwa simu na mtu anayesema ana orodha ya wakazi wa mtaa, majina na namba za simu, na anataka umtumie pesa kidogo, kata hiyo simu. Takwimu za umma ni jumla tu. Hazina jina la mtu yeyote.

Na mawakala, hili linawahusu. Namba za wateja zilizo kwenye kitabu chako cha miamala si zako za kutangazia biashara. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mteja wako kama inavyokulinda wewe.

Kisha vaa viatu

Sensa ni ya 2019. Tangu wakati huo kuna mitaa iliyoota maghorofa na mingine iliyobomolewa. Kwa hivyo, ukishapata namba, nenda ukaone. Chagua siku tatu tofauti, na moja isiwe siku ya soko. Simama hapo saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Kwa dakika kumi na tano hesabu wanaopita, kisha hesabu wanaoingia duka la jirani. Msalimie naibu wa chifu na umuulize ni plot ngapi mpya zimejengwa.

Kama tayari una duka moja, fungua taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu. Utaona siku na saa ambazo pesa huingia. Hiyo ni takwimu yako mwenyewe, na hakuna anayeijua kukuliko.

Yule mteja wetu amerudi kuweka akiba. Safari hii, kabla ya kutuma hata shilingi, alitafuta kata ndogo mbili kwenye Volume II na kuziandika kwenye daftari: watu, kaya, msongamano. Moja ameshaifuta. Nyingine ameenda kuihesabu mara mbili, na Jumanne anarudi mara ya tatu.

Nawe fanya hivyo. Kodi ikishatumwa kwa mwenye nyumba, kuirudisha ni kazi ngumu. Kuhesabu kwanza ni bure.