Jina Huja Mwisho: Kutoka TAA Hadi TANU (Sehemu ya Tatu)

Tangu Novemba 2024, Tigo ilipogeuka Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, wafanyabiashara wadogo wamekuwa wakiniuliza swali moja: je, nami nikibadili jina la duka nitaanza upya? Kampuni hiyo si ngeni katika jambo hili. Ilianza mwaka 1994 kwa jina la Mobitel, ikapitia Buzz, ndipo ikawa Tigo. Jirani yake, Celtel, aliingia nchini 2001, akaitwa Zain 2008, na Airtel 2010. Mteja alilala akiwa wa Zain akaamka akiwa wa Airtel, namba yake na salio lake vikiwa vilevile.

Hata hivyo, fundisho kubwa la kubadili jina halimo kwenye simu. Limo katika jengo lililokuwa New Street, Dar es Salaam, mtaa ambao leo tunauita Lumumba.

Wasomaji wa sehemu mbili zilizopita wanakumbuka tulipoishia. African Association iliundwa mwaka 1929, waasisi wake wakiwamo kina Cecil Matola na Kleist Sykes. Mwaka 1948 ikaitwa Tanganyika African Association, TAA. Jina lilibadilika mwaka huo, lakini mwenendo ukabaki uleule. Makao makuu yalisinzia, na wanachama wengi walikuwa makarani na walimu wenye heshima zao, watu wa kuandika barua nzuri na kusubiri majibu.

Mwamko ulikuja 1950. Dkt. Vedasto Kyaruzi akashika urais, Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, akawa katibu. Gavana Twining alikuwa ameunda kamati ya kuchunguza katiba ya nchi, na TAA ikaipelekea mapendekezo yake kuhusu haki ya Mwafrika kuwakilishwa. Serikali ikamhamisha Dkt. Kyaruzi mbali na Dar es Salaam. Mwaka 1952 Kirilo Japhet wa Meru akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ambayo watu wake walikuwa wamefukuzwa ili wapewe walowezi. Ardhi hiyo hawakurudishiwa wakati ule, lakini nchi nzima ilijua sasa kwamba Mtanganyika anaweza kusimama mbele ya dunia na kusema. Aprili 1953 mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere, akachaguliwa rais wa TAA. Mwaka huohuo serikali ikawakataza watumishi wake kujiingiza katika siasa, ikakivunja chama uti wa mgongo.

Ndipo, Julai 7, 1954, watu 17 wakakutana katika jengo lilelile la New Street na Tanganyika African National Union, TANU, ikazaliwa. Angalieni mfuatano wa miaka. Mapendekezo ya katiba yalitangulia, safari ya New York ikafuata, uongozi ukabadilika, na jina likaja nyuma ya yote hayo. Pamoja nalo ilikuja katiba mpya ya chama iliyotaja wazi kuitayarisha nchi kujitawala, na mlango ukafunguliwa kwa mkulima na mama lishe ambao chama cha makarani hakikuwa kimewatafuta. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed alikuwa akiwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam, na Nyerere aliacha kazi ya ualimu na mshahara wake. Watu waliliamini jina jipya kwa kuwa waliona limemgharimu mtu kitu.

Kwa hiyo namjibu mwenye duka bila kumzungusha. Kama umebadili bidhaa, umebadili bei, umeongeza uaminifu kwenye mizani, badili na jina. Nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, toa taarifa ya mabadiliko, rekebisha leseni na taarifa zako Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha paka bango rangi. Kampuni yenye wanahisa hupitisha azimio maalumu kwanza. Ila kuna wanaokimbilia jina jipya kwa sababu lile la zamani limechafuka kwa wauzaji wa jumla waliowapa mali kauli Kariakoo na hawajalipwa. Tabia hii inanikera, maana inamwibia mtu mara mbili: fedha zake, na imani yake kwa mfanyabiashara kijana anayefuata kuomba mkopo kwa haki. Sheria ya Makampuni ya 2002 haiwapi maficho. Kampuni ikibadili jina, haki na wajibu wake wote hubaki, na kesi iliyofunguliwa kwa jina la zamani huendelea kwa jina jipya. Mwenye duka la jina la biashara ndiye mdaiwa mwenyewe, hata akitundika bango gani. Lipa kwanza, au kaa na wadai wako mkubaliane mafungu.

Sehemu ijayo tutavuka bahari hadi Unguja, mwaka 1957, tuone jinsi African Association ya huko na Shirazi Association zilivyounganisha majina yao kuwa Afro-Shirazi.