Kuzuru Visiwa Pamoja na Watoto Wadogo

Mavuno yakiisha, karafuu zikatoka jamvini na kupimwa, fedha huingia mkononi mara moja, na papo hapo hufika wenye kuzidai: bati la paa, arusi ya mpwa, nguo za skuli, deni la dukani. Hayo hayana neno, ndiyo maisha ya mkulima. Lakini wako baina yetu ambao kila mwaka hutia azma ya kuwatembeza watoto, na kila mwaka azma hiyo huishia barazani. Mtoto wa Chake Chake hukua akikiona kisiwa cha Misali kwa macho yake kutoka pwani ya Wesha, akamaliza skuli ya msingi, na mguu wake haujakanyaga mchanga wa Misali hata siku moja. Na mtoto wa Unguja naye hukijua kisiwa cha Changuu kwa picha, ilhali kiko mbele ya Forodhani.

Makala haya ni kwa ajili ya wazee wenye watoto wa umri wa kunyonya hadi kama miaka minane, ambao wangependa kupumzika siku saba au nane kwa kupita kisiwa hata kisiwa. Twasema kupumzika, maana safari nyingi za namna hii huwa ni kazi ya kubeba mizigo tu, na mama wa watoto hurudi nyumbani kachoka kuliko siku aliyotoka.

Neno la kwanza ni hesabu ya visiwa. Mtu mzima mwenye begi moja aweza kuzuru visiwa vitano kwa juma moja na akafurahi. Mwenye watoto watatu hawezi, na asijaribu. Kila kuhama ni siku nzima iliyopotea: kufunga mizigo alfajiri, kungoja gatini, kupanda, kutapika, kushuka, kutafuta gari, kutandika vitanda vipya, na mtoto aliyekosa usingizi wa mchana analia hadi usiku. Basi lala mahali pawili tu, na visiwa vingine viwe ni vya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Na kila siku ya chombo ifuatwe na siku isiyo na chombo, ambayo watoto watacheza mahali walipoamkia. Wako watakaosema siku hiyo ni hasara, kwa kuwa nauli imelipwa na macho hayajaona kitu. Watoto hawahesabu hivyo. Waulize baada ya mwezi wanakumbuka nini, watakuambia habari ya kaa waliyemfukuza.

Neno la pili ni majira, na hapa hapana budi tuseme waziwazi. Likizo ya Juni huangukia kusi, na kusi likishika, njia ya baina ya Unguja na Pemba si ya mchezo, hasa panapo mkondo wa Nungwi. Likizo ya Disemba ina kaskazi linaloanza. Bahari yaweza kuwa nzuri, na yaweza kuchafuka. Bahari iliyo njema kwa mtoto mdogo ni ile ya maleleji, pepo zinapobadilika, baina ya Oktoba na Novemba, na tena kaskazi linapokatika, kabla masika hayajapamba moto. Walio na watoto wa skuli hawana hiari. Lakini wenye watoto ambao hawajaanza skuli hawafungwi na likizo hata kidogo, na twashangaa kuwaona wakisongamana gatini mwezi wa Juni pamoja na wengine. Ikiwa kazi ya shamba yaruhusu, nendeni mnapoona bahari imelala.

Hatuwezi kuandika habari ya safari ya bahari kwa wasomaji wa visiwa hivi tukaruka yaliyotupata. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, nayo imechukua watu wengi kupita kiasi ilichoruhusiwa. Walikufa mamia, na watoto walikuwamo. Tarehe 18 Julai, 2012, katika kusi, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe. Hapana kijiji cha Pemba kisichomjua mtu aliyefiwa. Tangu hapo boti za mwendo wa kasi zimeongezeka, na safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa yaweza kuwa ya saa chache. Lakini mambo manne yabaki mikononi mwa mzazi, wala asimwachie mtu.

Jina la kila mtoto, hata wa kunyonya, liandikwe katika orodha ya abiria. Usiseme kwamba huyu ni mdogo, hana tikiti. Ukiona chombo kimejaa hata njia za kupitia zimekaliwa, shuka, hata kama nauli itapotea. Nauli hupatikana tena. Ukishakaa, uliza yalipo majaketi ya kuokolea ya watoto, maana jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani mara aingiapo majini. Na baba na mama wagawane watoto mapema, kila mmoja ajue wake ni nani likitokea jambo. Si wakati wa kuulizana tena. Katika mashua ndogo za kwendea Misali au Changuu, ambazo aghalabu huwa na majaketi ya wakubwa peke yake, ni afadhali kununua la mtoto wako mwenyewe, lenye ukanda wa kupita baina ya miguu, ukalichukua safari yote. Bei yake ni kubwa, nasi twaona yafaa.

Ama kichefuchefu, mtoto asipande na njaa wala asipande na tumbo lililojaa. Mpe mkate mkavu au chapati, maji kidogo kidogo, na kipande cha tangawizi kwa anayeweza kukitafuna. Kaeni katikati ya chombo, sehemu ya chini, mahali pa kupata upepo, na mtoto aangalie mbali, asiangalie simu. Mifuko ya plastiki si ya kubeba tena, basi chukua kopo lenye kifuniko.

Sasa njia yenyewe. Tuchukue jamaa atokaye Pemba.

Aanzie nyumbani kwake, kwa Misali. Wengi huivuka hii kwa kuwa i karibu, nao hukosea, kwa sababu ndiyo safari ya kuwazoeza watoto mashua kabla ya safari kubwa. Kisiwa ni kidogo, hakitimii kilomita moja ya mraba. Kina msitu mkavu, majabali yenye mapango, mchanga mweupe, na matumbawe mazuri sana ya upande wa magharibi, ambako kasa hupanda kutaga mayai. Tangu mwaka 1998 kisiwa na bahari inayokizunguka vimewekwa chini ya hifadhi, na liko eneo ambalo hairuhusiwi kuvua kabisa. Watoto waelezwe hayo kabla ya kufika, ili wasiokote kombe na mawe. Na waelezwe pia hadithi ya jina, ambayo wazee wa Pemba wanaijua vyema: Nabii Hadhara alifika pale, akataka msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, naye akasema kisiwa chenyewe ni mithili ya msala ulioelekea kibla. Mtoto aliyesikia hadithi hii mashuani huzunguka kisiwa akitafuta upande wa kibla. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha siku nzima na chakula kilichopikwa, na mrudi kabla upepo wa alasiri haujakaza.

Pumzikeni siku moja nyumbani. Kisha Mkoani, na boti ya Unguja.

Mjini Unguja wengi wetu twafikia kwa ndugu. Ni jambo jema na hupunguza gharama, lakini mgeni siku mbili, na mwenye watoto wanne ni wageni watano au sita. Peleka halua ya Wete na mkungu wa ndizi, fanya siku mbili au tatu, kisha hamia nyumba ya wageni ya pwani. Tena kuna jambo ambalo waume hawalipendi kusikia: mke akifikia kwa mawifi zake, ataingia jikoni asubuhi na kutoka usiku, ikawa likizo ni ya kila mtu isipokuwa yeye. Jioni pelekeni nyumba nzima Forodhani, mkale mishkaki na urojo, wenyeji wenu nao wapumzike.

Kutoka Forodhani mashua huvuka kwenda Changuu kwa kama nusu saa. Nyumba kubwa iliyoko pale ilijengwa kwa nia ya kuwa gereza, mwanzoni mwa miaka ya 1890, lakini haikutumika hivyo, ikawa mahali pa kuwaweka karantini watu waliofika kwa meli. Watoto hawana haja na hayo. Wao wanataka kobe. Kobe wale wakubwa asili yao ni visiwa vya Shelisheli, na wa kwanza waliletwa zawadi mwaka 1919. Mtoto wa miaka mitatu humwona kobe aliyemzidi uzito mara nyingi akitafuna majani polepole, naye hutulia kimya kwa muda ambao mama yake hajapata kuuona. Waonywe wasiwapande. Nendeni asubuhi mapema, na muwe tayari kushuka majini hadi magotini, mtoto begani.

Chumbe ni jambo jingine. Mnara wake wa taa ulisimamishwa mwaka 1904, na tumbawe lake limehifadhiwa tangu 1994, hata kaa wa nazi huonekana usiku. Lakini gharama yake ni ya wageni wa mbali, na miamba yake yataka mtoto ajuaye kuogelea. Ingojee mpaka wafike miaka kumi.

Siku zilizobaki, chagua pwani kwa kuangalia mwezi. Hapa mkulima wa visiwani ana elimu ambayo mgeni hulipa apewe. Bamvua la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu hujaza karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kufika mita nne. Basi ukienda Jambiani au Paje siku za bamvua, asubuhi bahari itakuwa imekwenda mbali hata huioni, na watoto watapata mabwawa ya maji ya vuguvugu yenye visamaki na kaa, ambayo ni salama kuliko bahari yenyewe. Ila wavae viatu vya mpira, kwa ajili ya wale wadudu wa miamba wenye miiba mirefu myeusi, na mtu mzima ajue saa ya maji kurudi, kwani hurudi kwa haraka. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi. Mwenye kutaka kuogesha watoto wakati wowote aende Nungwi au Kendwa, ambako bahari haipwi mbali hivyo. Popote mlipo, mtoto asiyejua kuogelea asitengwe na mkono wa mkubwa. Kuwa mtoto wa pwani si sawa na kujua kuogelea.

Mafia tunaulizwa mara kwa mara. Ni kisiwa kizuri, hifadhi yake ya bahari ni ya tangu 1995. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote na asiyemdhuru mtu, huonekana karibu na Kilindoni aghalabu baina ya Oktoba na Februari, na kutoka Utende huvuka watu kwenda Chole, penye magofu na popo. Lakini kwa mtu wa Pemba ni boti hadi Unguja, boti hadi Dar es Salaam, gari hadi Nyamisati, kisha chombo tena. Kwa mtoto wa kunyonya ni adhabu. Mwenye uwezo wa ndege, haya. Asiye nao aiweke hata watoto wote waweze kubeba mifuko yao.

Katika mizigo msizidishe. Kanga nne zafanya kazi ya shuka, taulo, pazia na kivuli. Chandarua, chumvichumvi ya kuharisha, dawa ya homa ya watoto, kofia, tende, mayai ya kuchemsha, na kikombe ambacho mdogo wenu amekizoea. Fedha ziwe mafungu mawili, la kurudia lishonwe mbali. Na rudini nyumbani siku mbili kabla ya skuli kufunguliwa, kwa kuwa boti ikiahirishwa kwa upepo, hamtakuwa na sababu ya kulazimisha safari.

Wenzetu wa Unguja wageuze njia hii: Changuu kwanza, kisha boti ya Mkoani, na malazi Chake Chake, karibu na Wesha. Siku isiyo ya bahari wawapeleke watoto Kidike, wakaone popo wa Pemba, ambao hawapatikani kisiwa kingine chochote duniani, au Ngezi na pwani ya Vumawimbi. Mashua ya Misali hufuata maji. Ulizeni nahodha jioni iliyotangulia, si asubuhi ile.