Mizani Haipigi Simu

Ndugu wa mgonjwa wa moyo husema alizidiwa ghafla. Mara nyingi si kweli. Moyo ukishindwa kusukuma damu ya kutosha, figo huanza kuzuia chumvi na maji, na hali hiyo huendelea kwa siku kadhaa, pengine wiki. Viatu vinabana, uzito unapanda ingawa hamu ya chakula imepungua, na usiku lazima aongeze mto ndipo apumue. Dozi ya vidonge vya kukojosha ikiongezwa wakati huo, huenda asilazwe. Na kulazwa ndiko kunakomeza fedha nyingi katika ugonjwa huu.

Kwa hiyo kumfuatilia mgonjwa akiwa nyumbani kulionekana kama uwekezaji usioweza kuleta hasara. Marekani walijaribu kwa wagonjwa 1,653 waliokuwa wametoka hospitali karibuni. Kila siku mgonjwa alitakiwa kupiga simu. Mashine ilimuuliza dalili na uzito, naye akajibu kwa kubonyeza namba. Matokeo yalitoka mwaka 2010: katika siku 180, waliolazwa tena au kufariki walikuwa asilimia 52.3 upande wa waliofuatiliwa, na 51.5 upande wa wenzao wasiofuatiliwa. Asilimia 14 hawakuutumia mfumo huo hata mara moja. Walioutumia nao, majibu yao yalisomwa siku za kazi tu, kana kwamba maji ya mapafuni husubiri Jumatatu.

Wajerumani waliweka fedha zao zaidi kwa wahudumu. Katika utafiti wa TIM-HF2, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wagonjwa 1,571, vipimo vya uzito, presha, oksijeni na umeme wa moyo vilitumwa kila siku hadi hospitali ya Charité, Berlin. Huko madaktari na wauguzi walikuwa zamu saa 24. Kipimo kikienda kombo, walimpigia mgonjwa, wakabadilisha dawa au wakazungumza na daktari wake. Vifo vilikuwa takribani 8 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, dhidi ya 11 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wachumi walipopiga hesabu, hata baada ya kutoa gharama ya kituo chenyewe, ziliokolewa euro 1,758 kwa kila mgonjwa kwa mwaka.

Ziliokolewa kwa nani? Swali hili ndilo huamua kama huduma itadumu. Ujerumani, mfuko wa bima unaolipia kituo ndio huohuo unaolipia kitanda. Hospitali inayolipwa kwa kila anayelazwa, kinyume chake, hupoteza mapato mgonjwa akipona nyumbani. Marekani ilianza kuugusa mkanganyiko huo Oktoba 2012, pale Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilipoanza kuzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi wodini kupita kiasi.

Kuna jambo jingine: gharama ya kumfuatilia mtu haipungui sana kwa sababu hali yake ni nafuu, lakini akiba hupatikana tu kwa yule ambaye angelazwa. Kamati ya Ujerumani inayoamua bima ilipie nini iliidhinisha huduma hii Desemba 2020 kwa masharti: ukali wa ugonjwa uwe daraja la pili au la tatu, moyo usukume nje chini ya asilimia 40 ya damu iliyomo, na mgonjwa awe na kifaa cha moyo kilichopandikizwa au awe alilazwa kwa sababu ya moyo mwaka uliotangulia. Mgonjwa wa daraja la kwanza, anayepanda ngazi bila kuhema, hakuwekwa kwenye orodha.