Kabla ya kuwa Waziri Mkuu, Kawawa alikuwa stelingi

Mgeni anayeshuka Msamvu kwa mara ya kwanza huitwa "mjomba" na watu asiowajua, na akizubaa begi limeshabebwa. Kisa cha mgeni wa namna hiyo kilichezwa kwenye sinema ya Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1950. Iliitwa Muhogo Mchungu.

Stelingi wake alikuwa Rashidi Kawawa, kijana aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni. Alicheza mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mjini.

Zama hizo sinema nyingi zilitoka Marekani, Uingereza na India. Kumwona Mwafrika ndiye stelingi, tena anaongea Kiswahili, lilikuwa jambo kubwa. Lakini serikali ilitengeneza sinema ili kufundisha. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, usiku picha zikaoneshwa kwenye kitambaa cheupe.

Kwa hiyo tunapojadili sinema ya zamani, tujiulize: nani alitoa fedha? Anachekwa nani, tapeli au mkulima? Sinema inaweza kufurahisha na papo hapo ikamdharau anayeitazama.

Kawawa hakubaki mshamba wa kuchekwa. Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, TFL, na mwaka 1962 Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kuona sinema ya gari? Muulize leo: watu walicheka wapi, na walinyamaza wapi?