Kabla ya kutuma fedha za trekta Makindye, uliza meno ya tairi

Wasikilizaji wetu wengi wana ndugu mjini Kampala, na si wachache walioishi huko kabla ya kufika ughaibuni: Katwe, Nsambya, Kibuye, Kabalagala, mitaa ya tarafa ya Makindye ambako Kiswahili cha Wakongomani husikika sokoni sambamba na Kiganda. Miongoni mwa maombi yanayovuka bahari kutoka huko, pamoja na karo na kodi ya nyumba, limo la aina hii: tuchangeni, tununue trekta dogo, tulikodishe kwa wakulima.

Tuchukue mfano wa ndugu watatu wanaokubali ombi hilo. Wanauliza bei, mwaka wa kutengenezwa, na saa ambazo injini imefanya kazi. Wanatumiwa picha, trekta linang'aa, limepakwa rangi upya. Hakuna anayeuliza matairi yake yana meno gani. Mvua za Machi zinapofika, trekta linaingia shamba la kwanza, linapanda mteremko, gurudumu linazunguka pale pale, na mwenye shamba anawaita vijana wenye majembe ya mkono. Mfano tumeubuni, lakini sababu ya trekta hilo kukwama ni halisi, na inaelezeka.

Trekta dogo, lenye nguvu farasi kati ya 20 na 40 hivi, ni jepesi. Haliwezi kutegemea uzito peke yake kushika ardhi kama yafanyavyo matrekta makubwa ya mashamba ya miwa. Nguvu yote ya injini hupitia katika vipande vichache vya mpira vinavyogusa udongo, na umbo la vipande hivyo ndilo huamua kama nguvu hiyo itavuta plau au itachimba shimo.

Ardhi tatu kwa siku moja

Makindye ni nchi ya vilima na mabonde. Juu ya kilima udongo ni mwembamba, wenye changarawe nyekundu ambayo Waganda na jirani zao huiita maramu. Ubavuni mwa kilima kuna udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi. Ukikauka ni mgumu kama tofali, ukilowa huteleza kama sabuni. Chini bondeni ni chepechepe, na maji yake huelekea Ziwa Victoria kupitia Ghuba ya Murchison.

Ndani ya tarafa yenyewe hakuna mashamba makubwa, kwa kuwa nyumba zimesongamana. Trekta linalolala Makindye hutafuta kazi nje yake: katika manispaa jirani ya Makindye-Ssabagabo, wilayani Wakiso, au mbali zaidi upande wa Mpigi. Basi asubuhi hupita kwenye lami, kisha kwenye maramu, kisha huingia shambani, na jioni hurudi kwa njia ile ile. Ushauri wa vitabu vya nchi nyingine mara nyingi humfikiria mkulima ambaye trekta lake halitoki shambani mwake. Huyu wa Makindye yuko barabarani kila siku ya kazi, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu.

Alama iliyo ubavuni mwa tairi

Ubavuni mwa tairi la trekta, karibu na vipimo vyake, mara nyingi pamechapwa herufi R ikifuatwa na tarakimu. Alama hizo zilitokana na chama cha Marekani kinachoweka viwango vya matairi na rimu, na leo hutumiwa katika nchi nyingi.

R-1 ndilo tairi la kilimo tunalolijua sote. Meno yake ni mirefu, yamelala mshazari pande mbili na kukaribiana katikati kama mshale. Kati ya jino na jino pana nafasi pana, na nafasi hiyo ina kazi yake: tairi linapozunguka, tope lililonaswa husukumwa nje, na jino linalofuata hukuta udongo mpya wa kushika. Ipo pia R-1W, ambayo meno yake yana kina zaidi kwa karibu robo, kwa ajili ya mahali penye unyevu mwingi.

R-2 hutengenezwa kwa ajili ya mpunga na miwa. Meno yake yana kina kinachokaribia mara mbili ya R-1, ili yapite tope laini na kufikia udongo mgumu ulio chini. R-3 ni tairi la nyasi. Vipande vyake ni vifupi na vimekaribiana, lisikwaruze bustani. Anayekata nyasi katika hoteli za Munyonyo au kwenye uwanja wa gofu wa Kigo analihitaji hilo, na hana sababu ya kuwa na jingine.

R-4 huitwa tairi la viwandani. Meno yake ni mapana na mafupi, kina chake ni kama asilimia 70 ya R-1, na ubavu wake ni mnene. Huvumilia misumari, vipande vya matofali na uzito wa beleshi la mbele. Kwa anayevuta tela la mchanga kwenda mahali pa ujenzi, na ujenzi Makindye haukosekani, hili ni tairi jema sana. Lakini katika mfinyanzi uliolowa nafasi ndogo kati ya meno yake hujaa tope, na mara tu inapojaa, gurudumu huwa kama pipa laini. Hilo ndilo tairi lililokuwa chini ya trekta la ndugu zetu watatu. Halikuwa bovu wala kuukuu. Lilitengenezwa kwa kazi nyingine.

Mtego wa meno marefu

Matrekta madogo mengi yanayouzwa Afrika Mashariki yalitumika kwanza Japani, kisha yakavuka bahari hadi bandari kama Mombasa. Huko Japani yalilima mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Kwa hiyo mengi huja na matairi ya meno marefu sana, yaliyosimama mbalimbali, ya jamii ya R-2, hata kama ubavuni hayana alama ya R.

Mnunuzi akiyaona hufurahi. Yanatisha, yanaonekana hayawezi kushindwa na tope lolote. Katika shamba la mpunga la Doho, wilayani Butaleja mashariki mwa Uganda, furaha hiyo ingekuwa na msingi. Kwa trekta la Makindye ni hasara inayojificha. Kwenye lami jino refu lililosimama peke yake hupinda kila linapobeba uzito, hupata joto na kulika haraka, na dereva hutetemeshwa njia nzima. Kwenye maramu makavu makali yake hukatika. Na katika udongo mkavu wa mlimani halina tope la kupenya.

Yupo atakayejibu kwamba bondeni ndiko kwenye rutuba, hivyo tairi la tope litafaa. Ajibiwe kwamba ardhi oevu za Uganda zinalindwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2019, na kulima ndani yake bila kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, ni kosa. Tairi la kulimia kinamasi lisinunuliwe kabla ya kujua kama kinamasi chenyewe kinaruhusiwa kulimwa.

Nionavyo mimi, kwa trekta la kukodisha ambalo litalima miteremko na kuvuta tela siku za kiangazi, chaguo ni R-1. Ni kweli kwamba barabarani litalika upesi kuliko R-4. Lakini mpira unaoliwa na lami hupotea kidogo kidogo kwa miezi mingi, ilhali msimu wa kulima ni wiki chache kabla na baada ya mvua kuanza, za Machi hadi Mei, kisha za Septemba na kuendelea. Siku iliyopotea katika wiki hizo hairudi, na ndizo wiki zinazolipa deni la trekta. Ikiwa kazi ya tela ni kubwa kuliko ya plau mwaka mzima, hukumu inageuka, na R-4 inashinda.

Tairi sahihi lililofungwa vibaya

Meno ya R-1 yana upande. Ncha ya mshale sharti itangulie kugusa ardhi trekta linapokwenda mbele. Ukisimama nyuma ya trekta, ncha itaonekana ikielekea juu. Likifungwa kinyume, tope huvutwa kuelekea katikati badala ya kusukumwa nje. Kosa hili huingia kwa urahisi fundi anapogeuza rimu ili magurudumu yasimame mbalimbali zaidi. Kupanua hivyo ni jambo la busara kwenye miteremko, kwa kuwa hupunguza hatari ya trekta kupinduka, lakini kukigeuzwa rimu ni lazima gurudumu la kulia lihamie kushoto na la kushoto kulia, la sivyo mishale yote itatazama nyuma.

Kosa la pili ni la gharama kubwa zaidi. Matrekta mengi madogo huvuta kwa magurudumu yote manne. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayalingani ukubwa, lakini yameunganishwa kwa gia zilizopimwa ili ya mbele yatangulie kwa asilimia chache tu. Mtu akinunua jozi ya nyuma peke yake, ya aina nyingine au ya mzingo tofauti, uwiano huo huvunjika: ekseli moja huvuta huku nyingine ikizuia, na mzigo wote huishia katika giaboksi. Mafundi wa Katwe wana sifa ya kutengeneza karibu kila kitu cha chuma, lakini meno ya gia yaliyosagika ni bili ambayo hakuna aliye ng'ambo angependa kutumiwa. Ukibadilisha aina ya tairi, badilisha yote manne kwa pamoja, na mzingo wa kila jozi uhakikishwe. Kwenye lami, dereva azime mvuto wa magurudumu ya mbele.

Upepo nao usipimwe kwa mazoea ya gari. Matairi mengi ya nyuma ya kilimo ya ukubwa huu hutumia kati ya pauni 12 na 20 kwa inchi ya mraba, kulingana na uzito yanaobeba na jedwali la mtengenezaji. Likijazwa hadi likawa gumu kama la lori, tairi hugusa ardhi kwa ukanda mwembamba wa katikati, na nusu ya meno uliyolipia hubaki hewani. Uzito ukipungua, matairi ya nyuma yanaweza kutiwa maji hadi robo tatu. Katika nchi baridi maji hayo huchanganywa na dawa ya kuzuia barafu. Kampala haina barafu, maji ya kawaida yanatosha.

Dereva anaweza kujua kama gurudumu linateleza kupita kiasi bila chombo chochote. Atie alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, avute plau kwa mizunguko 10 kamili, na aweke kijiti mwanzo na mwisho wa mwendo huo. Kisha apite umbali ule ule plau likiwa limeinuliwa. Akihesabu mizunguko 9 au 8 na nusu, trekta liko sawa, kwa maana limepoteza kati ya asilimia 10 na 15, na upotevu huo ni wa kawaida kwenye udongo. Akihesabu 7, kuna tatizo: meno yamekwisha, uzito hautoshi, au plau limezama mno.

Picha nne

Aliye mbali hawezi kulipiga teke tairi, lakini anaweza kudai picha. Ya kwanza iwe ya ubavu wa kila tairi, kwa karibu, ili alama ya R na vipimo vyake visomeke. Vipimo kama 9.5-24 humaanisha upana wa inchi 9.5 na rimu ya inchi 24. Tairi la kushoto likitofautiana na la kulia, mazungumzo ya bei yaanze upya.

Ya pili ipigwe kutoka nyuma, rula ikiwa imesimamishwa kati ya meno katikati ya tairi, kwani hapo ndipo lami hula kwanza. Meno ya pembeni huweza kubaki marefu huku ya katikati yakiwa kipara. Ya tatu iwe ya shina la jino, mahali linapoungana na mwili wa tairi. Mpira uliokaa juani miaka mingi hupasuka hapo, na tairi la namna hiyo, hata likiwa na meno kamili, linakaribia kuwa lugabire, vile viatu vya mpira wa tairi vinavyouzwa katika masoko ya Kampala.

Ya nne haihusu tairi, lakini inahusu miteremko ile ile. Iwe ya upande mzima wa trekta, ili ionekane kama nyuma ya kiti kuna fremu ya chuma ya kumkinga dereva trekta likipinduka, na kama kiti kina mkanda. Matrekta mengi ya zamani kutoka Japani hayana fremu hiyo. Lisipokuwa nayo, gharama ya kuifunga ijumlishwe na bei ya matairi kabla fedha hazijatumwa.