Kijito Kidogo, Hasara Kubwa

Katika nchi ya Manono, vijito ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huvuka bila kulowa magoti hufurika masika kwa usiku mmoja, vikishuka kwenda Luvua. Masika moja tulizuiliwa siku mbili penye kijito cha namna hiyo, pamoja na mama mjamzito aliyeletwa juu ya baiskeli ya mumewe, wakiitafuta hospitali. Bomba la saruji lilikuwapo, njia haikuwapo. Mwishowe wanaume wa kijiji walimvusha kwa machela, maji yakiwafika kifuani.

Mvua haikuwa na kosa. Waliojenga walikipima kijito wakati wa kiangazi, wakaweka bomba lisilofika nusu ya upana wake, tena juu kuliko sakafu yake. Matawi yakaliziba, maji yakapanda, yakageuka kuifuata barabara yenyewe na kuichimba korongo.

Basi, kabla ya kuanza kazi yafaa kuwauliza wazee maji hufika wapi, na kuitazama miti ya ukingoni: takataka zilizonasa matawini ni ushahidi wa kutosha. Pachaguliwe mahali ambapo kijito kimenyooka. Nafasi ya kupitisha maji isiwe nyembamba kuliko kijito kikijaa ukingo kwa ukingo, na sehemu ya chini ya bomba izikwe kidogo mchangani, ili maji yasianguke upande wa pili na kuchimba shimo. Hivyo hata kambale wanaopanda na mvua za kwanza watapita. (Labda wavuvi watashukuru kuliko madereva!)

Liko jambo linalosahauliwa sana. Njia ishuke kidogo palepale juu ya bomba, isiinuliwe kama tuta. Hapo bomba likiziba, maji yatapita juu na kurudi katika mkondo wake, wala hayataifuata njia. Nayo mifereji ya kando igeuzwe kuelekea porini kabla ya kufika kijitoni, isije ikamwaga tope lote humo.

Penye magari machache, kivuko cha mawe yaliyopangwa imara chafaa kuliko daraja la magogo, ambalo mchwa huanza kulila mapema. Ni kweli, mvua ikinyesha msafiri hungoja maji yapungue. Lakini hungoja saa, si siku.

Mahali pale tulipokwama sasa pamepangwa mawe. Bomba limelala kando ya njia, na watoto hulikalia wakitoka shule.