Orodha Iliyofichuliwa

Ndugu msomaji, wewe ukatwaye kodi kila mwisho wa mwezi, hungependa kujua fedha hiyo huishia mfukoni mwa nani?

Marekani ilianza kuwapa wakulima ruzuku ya mazao mwaka 1933, bei zilipoanguka na wengi wakapoteza mashamba. Baadaye utaratibu ukawa huu: serikali hutaja bei ya mahindi, ngano au pamba, soko likishuka chini yake, hazina hujazia pengo. Si shauri baya. Lakini malipo hufuata wingi wa mavuno, kwa hiyo mwenye shamba kubwa ndiye apataye fungu nono.

Ni nani hao? Wizara ya Kilimo ilikataa kuwataja wapokeaji wa ruzuku ya pamba, ikidai ni siri zao. Gazeti la Washington Post likaishtaki, likashinda mwaka 1996. Mwaka 2001 shirika la Environmental Working Group likaanika orodha nzima katika intaneti. Humo alikuwamo David Rockefeller, mwenye benki wa New York!

Wakulima wengine walinung'unika kuwa majirani sasa wajua mapato yao. Yaeleweka, ingawa mshahara wa mwalimu wa serikali nao hujulikana, na yeye hajawahi kuulizwa. Orodha ingaliko hadi leo.